Kodi ya mapato kwa mtu asiye mkaazi

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba unaishi na kuajiriwa ugenini, unapangisha nyumba katika nchi uliyotoka, ambako pia ulifanya kazi kwa miezi minne mwaka huu, na unahofia kutozwa kodi mara mbili.

Anza na ukaazi, yaani nchi inayokuhesabu kuwa mkaazi wake kikodi, si uraia; Marekani, inayowatoza raia wake popote walipo, ni miongoni mwa nchi chache zinazokwenda kinyume. Nchi nyingi hutumia kipimo cha siku 183 za kuwapo nchini, ingawa kuwa na makao ya kudumu huweza kukufanya mkaazi hata usipozifikisha. Asiye mkaazi kwa kawaida hutozwa kwa mapato yenye chanzo ndani ya nchi hiyo tu, kwa hiyo pango lako litatozwa pale nyumba ilipo.

Mshahara wa ile miezi minne unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu chanzo chake ni mahali kazi ilipofanyika, hata kama ulilipwa kwenye akaunti ya nje. Mikataba mingi ya kuepuka kutoza kodi mara mbili hukusamehe ikiwa hukuzidi siku 183, mwajiri si mkaazi wa nchi hiyo, na mshahara haukubebwa na tawi lake la huko. Masharti yote matatu yatimie kwa pamoja.

Omba hati ya ukaazi wa kikodi unakoishi na utunze kila stakabadhi ya kodi ya zuio, yaani inayokatwa na anayekulipa kabla hujapokea fedha, kwani mimi niliwahi kukosa nafuu kwa kupoteza moja tu. Iwapo nchi zote mbili zitakudai kuwa mkaazi wake, mwone mshauri wa kodi kabla ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako kwa mamlaka ya kodi.