Dada uliyeacha kazi ukauliza kundi la akina mama: nilivyopata langu hapa Tanga

Tumsifu Yesu Kristo, mpendwa. Umesema ulikuwa mhasibu hapa hapa Tanga, umeacha kazi miezi miwili iliyopita ili ulee, na kila unayekutana naye Ngamiani akikuuliza "siku hizi uko wapi?" unatamani kujificha. Unauliza kama lipo kundi la akina mama wa Kikristo la kukufaa, au yote ni michango na sare. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nimepita njia hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa kwa wakala wa forodha, nashughulikia nyaraka za mizigo bandarini. Meli ikiingia hakuna usiku wala mchana. Niliacha mtoto wa pili alipokuwa na miezi saba. Dada wa kazi wa tatu ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameondoka bila kuaga, na baba yao yuko safarini nusu ya mwezi. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo lililonifunga mdomo: nimechagua mwenyewe, sasa nalia nini?

Kundi la kwanza nililokwenda lilikuwa la maombi, la akina mama wa makamo. Zamu yangu ilipofika nikasema naikumbuka kazi. Mmoja akanijibu, "Mshukuru Mungu, umerudi mahali pako." Wakaimba, tukaendelea. Hakuwa na ubaya, lakini nilitoka pale nikiwa nimejifunza kwamba uchungu wangu ni dhambi ndogo ya kufichwa. Sikurudi.

Aliyenitoa hapo ni mjane mmoja wa jumuiya yetu, bibi wa watu. Alikuja na chupa ya uji, akamchukua mtoto mgongoni, akaniuliza, "Mwanangu, unakosa nini hasa?" Nikafikiri nitasema mshahara. Nikajikuta nasema: nakosa kuulizwa. Kazini watu walikuwa wananiuliza mzigo umefika wapi, karatasi gani imebaki, na nilikuwa najua. Nyumbani naulizwa chumvi iko wapi. Yule mama hakunihubiria. Alisema tu kwamba na yeye, mumewe alipofariki na watoto kuondoka, alikosa hicho hicho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kundi lipime kwa jambo moja tu, kama unaweza kusema pale kwamba umeikumbuka kazi bila mtu kukurekebisha. Mithali 31 tunasomewa kila siku ya akina mama, lakini mwanamke yule anaangalia shamba analinunua, anajua kama biashara yake ina faida. Akili yako ya hesabu hukuiacha ofisini.

Sasa, yapo makundi gani? Kwa Wakatoliki ipo WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu 1972, na jumuiya ndogo ndogo mtaani. Waanglikana wana umoja wa akina mama, Walutheri wana vikundi vya wanawake vya usharika. Ni vyombo vizuri, ukifiwa au ukiuguliwa utaviona. Shida ni saa. Jumuiya nyingi hukutana alfajiri au jioni, na mwenye mtoto mdogo saa hizo yuko kwenye beseni na sufuria. Tena ratiba imejaa: ugeni wa Askofu, harambee, kupika. Nafasi ya mtu kueleza wiki yake ilivyokuwa haipo.

Sisi tulianza watatu, kwa ruhusa ya paroko, Jumatano saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini nyuma ya ukumbi. Kila mtu na mkeka wake. Nilikuwa nimesoma kuhusu MOPS, makundi ya Marekani yaliyoanza 1973 kule Colorado kwa mama wenye watoto ambao hawajaanza shule. Kilichonigusa ni kwamba watoto huangaliwa pembeni ili mama azungumze sentensi mpaka mwisho. Tukamtafuta binti aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, tukawa tunamchangia elfu moja moja. Ndiyo mchango wetu pekee. Tunasoma Neno, kisha kila mmoja anasema wiki yake, na hakuna kutoa ushauri mpaka mwenyewe auombe. Kanuni hiyo ndiyo imetuweka pamoja kuliko nyingine yoyote.

Mwezi wa pili mwenzetu alitaka tuanzishe kikoba. Nilikataa, na bado nakataa. Nimeona kundi zuri likifa hivyo: anayedaiwa anaona aibu, haji, na yeye ndiye aliyehitaji kuja kuliko wote. Anayetaka kikoba mtaani vipo vingi.

Fedha tunaizungumza, tena sana. Mimi ilinishinda kumwomba mume wangu hela ya kusuka, mtu niliyezoea kujilipia. Pale mkekani ndipo nilipopata neno la kumwambia: tukubaliane kiasi changu mwanzo wa mwezi, kisichoulizwa matumizi. Ilichukua mazungumzo matatu. Usikate tamaa kwenye la kwanza.

Na kwa anayesoma hapa na hajaandika barua ya kuacha kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anayenyonyesha aruhusiwe kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wawili kati yetu waliacha kazi bila kujua la kunyonyesha. Jua pia kwamba fao la kukosa ajira si la anayeacha mwenyewe. Nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uulize michango yako kabla ya kuacha, si baada.

Tena usimdharau jirani. Wangu ni Mwislamu, mama wa Kidigo, na jioni za mwanzo zile nilikaa barazani kwake zaidi ya kanisani. Mbaazi zake na maneno yake machache vilinitunza.

Mwulize mwenyekiti wa jumuiya yako au mke wa mchungaji kama kuna mama wengine wawili waliobaki nyumbani. Wapo, nao wamejificha kama wewe. Na kama unaogopa kuongea, Mary Sumner, aliyeanzisha umoja wa akina mama wa Kianglikana huko Uingereza mwaka 1876, siku ya kikao cha kwanza alishikwa na woga akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki inayofuata. Walirudi. Wewe njoo na mkeka na kikombe cha mtoto, ukae tu.