Pamba kuchungulia kwenye mdoli wa kroshia

Dada, unauliza kwa nini pamba uliyojaza ndani ya mdoli wako inachungulia kati ya mishono: tatizo ni sindano ya kroshia, si uzi. Lebo ya uzi ikisema sindano ya unene wa milimita 4, wewe shika ya 3 au hata 2.5. Kipimo cha lebo kinafaa sweta na shali, vitu vinavyotakiwa kulegea. Mdoli anataka mishono iliyobana mpaka pamba ikose pa kuchungulia. Wangu wa kwanza nilimfuma kwa 4.5, sungura akatoka kama kifumbu cha tui! Ila ukibana kupita kiasi sindano haipenyi na vidole vinauma, kwa hiyo shuka nusu nusu milimita huku ukijaribu. Na kama ni wa mtoto chini ya miaka 3, macho ya plastiki achana nayo, yadarizi kwa uzi.