Maji ya chumvi, mjomba na kipara

Barua za kipara zimekuwa nyingi, nimechagua sita. Mimi ni mfamasia, si daktari wa ngozi, na panja zangu zilianza kupanda nikiwa na miaka 29. Kwa hiyo hapa hachekwi mtu.

Nilihamia Dodoma na ofisi mwaka 2019 kutoka Dar. Nilikuja na nywele, sasa utosi unang'aa. Wenzangu wanasema ni maji ya chumvi ya huku. Ninunue maji ya kuogea? (Mtumishi, Ilazo)

Maji yetu yameshasingiziwa mengi: nguo kufubaa, chai kukosa ladha, sabuni kugoma kutoa povu. Hayo mengine sawa, ila la kipara hayahusiki. Maji ya chumvi hukausha nywele zikawa ngumu na kukatika njiani, lakini mzizi wake unabaki pale pale. Hebu shika kisogo chako na sehemu ya juu ya masikio. Umeoga ndoo ile ile na nywele bado zipo. Maji yangejuaje kuchagua utosi na panja tu?

Kinachochagua ni mzizi wenyewe. Mwili wa mwanaume hutengeneza testosteroni, nyingi ikitoka kwenye korodani. Ndani ya ngozi ya kichwa kuna kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktezi ambacho huigeuza testosteroni hiyo kuwa homoni kali zaidi, dihaidrotestosteroni, au DHT kwa kifupi. Kwa aliyerithi udhaifu wa mizizi, mizizi ya utosini na kwenye panja ikiguswa na DHT hunywea. Kwa kawaida unywele hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, kisha mwingine huota mahali pale pale. DHT huufupisha ule muda wa kukua. Kila mzunguko unywele hurudi mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka inabaki malaika tu. Ndiyo maana huoni nywele nyingi zikidondoka kwa mkupuo. Nywele 50 hadi 100 kwa siku ni za kila mtu. Tofauti ni kwamba kwako zinazorudi ni dhaifu.

Mizizi ya kisogoni haiisikilizi DHT. Wapandikizaji wa nywele huchukua huko na kupanda mbele kwa sababu mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha kwamba unywele uliohamishwa hubaki na tabia ya ulikotoka. (Ni kama baadhi yetu tuliohamishiwa Dodoma: ikifika Ijumaa mchana roho iko stendi.) Mtumishi, umri wako wa kuota kipara umekukuta Dodoma. Ungekukuta hata Kinondoni.

Wana wa hosteli wanasema mwenye kipara ana homoni nyingi za kiume. Nina miaka 23 na panja zimeanza. Nikapime testosteroni ili nipunguziwe? (Mwanafunzi, UDOM)

Hifadhi hela yako. Wengi wenye kipara wakipimwa, testosteroni yao huwa sawa na ya wenye nywele. Habari nzuri kwa wana hosteli ni kwamba hata wao wenye rasta hawajapungukiwa kitu.

Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani, James Hamilton, aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuota kipara. Walipopewa testosteroni, wenye vipara katika ukoo wao walianza kupoteza nywele. Wengine walipewa homoni hiyo hiyo na nywele zikabaki. Kwa hiyo homoni lazima iwepo, lakini kinachoamua ni jinsi mizizi yako inavyoipokea.

Ushahidi mwingine ulitoka kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za watoto wa kiume waliozaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya nilichokitaja. Wengi walilelewa kama wasichana, kisha wakabalehe: sauti ikanenepa, misuli ikajaa. Testosteroni wanayo, DHT ndiyo haba. Utu uzimani walikuwa na ndevu chache na tezi dume ndogo, na panja zao hazikupanda. Huko ndiko lilikotoka wazo la dawa nitakayoieleza hapa chini.

Na kama mnajichoma sindano za kujaza misuli huko jimu, jueni kwamba nyingi ni homoni za jamii hiyo hiyo. Kwa mwenye mizizi dhaifu ni kuchochea moto.

Mwanangu ana miaka 20 na kipara kimeanza. Baba yake ana nywele zote, ila kaka zangu wote hawana. Mume wangu anasema nimemletea kipara nyumbani. Ni kweli? (Mama, Kondoa)

Shikamoo mama. Mzee amesema nusu. Jeni inayotengeneza kipokeo cha homoni hizi, yaani kinachozinasa kwenye mzizi, imo kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume hupewa X na mama yake tu. Kwa hiyo kumtazama mjomba si ushamba. Lakini jeni zinazochangia kipara ni nyingi na hutoka pande zote mbili, na baba mwenye nywele zake anaweza kuwa amezibeba na kuzirithisha bila yeye kuota kipara. Mwambie mzee mgawane.

Kuna dawa ya kweli au ni biashara? Nina miaka 34, mke wangu ni mjamzito. (Msomaji, Singida)

Zipo mbili zenye ushahidi wa miaka mingi, na zote zinataka uanze mapema. Mizizi iliyonywea inaweza kuamshwa. Ngozi inayong'aa kwa miaka 10 sikuahidi chochote.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Waliokimeza wakaota nywele mwili mzima, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Marekani iliipitisha kwa nywele mwaka 1988. Haigusi homoni kabisa. Hurefusha muda wa unywele kukua. Ya asilimia 5 hupakwa mara 2 kwa siku kwenye ngozi kavu, si juu ya nywele. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa wakidhani imewaharibu. Vumilia angalau miezi 4.

Finasteridi ndiyo inayogusa homoni. Hukizuia kile kimeng'enya na kushusha DHT ya kwenye damu kwa takribani asilimia 70. Ilipitishwa Marekani kwa tezi dume mwaka 1992, kidonge cha miligramu 5, na kwa kipara mwaka 1997, miligramu 1. Wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na baadhi hupata huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Ukiona hivyo acha na umwone daktari, usimfiche mkeo. Anza kwa daktari, si kwa rafiki.

Sasa kuhusu mama kijacho. Huku wengi hununua kile cha miligramu 5 na kukikata vipande. DHT ndiyo inayojenga maumbile ya nje ya mtoto wa kiume tumboni, kwa hiyo mke wako asishike kidonge kilichokatwa wala unga wake. Kwenu nashauri usubiri ajifungue, uanze na ya kupaka.

Zote mbili ukiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi. Piga hesabu ya miaka, usihesabu chupa moja. Mafuta ya nyonyo, kitunguu maji na mchanganyiko wa kopo lisilo na lebo havizuii DHT, haijalishi muuzaji wa Majengo anaapa vipi.

Nina miaka 58. Natumia finasteridi ya tezi dume, na kweli nywele zimerudi kidogo. Kuna tatizo? (Mpwapwa)

Shikamoo mzee, na hongera. Jambo moja tu: dawa hiyo hushusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa karibu nusu. Ukipimwa tezi dume mtajie daktari dawa na muda ulioitumia, asije akaona namba ndogo akakuruhusu nyumbani. Na usitoe damu mpaka umeiacha kwa mwezi mzima, kwa sababu damu yako inaweza kupewa mjamzito.

Helmeti ya bodaboda inaleta kipara? (Kibaigwa)

Hapana, ivae. Ila helmeti ya abiria inayozunguka vichwa 20 kwa siku inaweza kubeba fangasi. Duara lenye magamba linalowasha ni mapunye, na hutibiwa kwa vidonge vya fangasi vya hospitali. Duara laini lililotokea ghafla, bila magamba, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi, nalo lina tiba yake. Panja zinazopanda taratibu pande zote mbili, rudi kwenye barua ya mtumishi wa Ilazo.