Laptopu za ofisi zenye grafiki mbili: maswali yenu na majibu

Laptopu za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani zimejaa madukani, Kariakoo kama ilivyo katikati ya Nairobi, na wengi mlioniandikia safari hii mnauliza jambo lile lile. Mashine mbili au tatu zinafanana karibu kila kitu, moja ina kadi ya grafiki ya pili, yaani chipu ya ziada ya kuchora picha za skrini, na muuzaji anaongeza bei kwa sababu yake. Mlipe au msilipe? Msimamo wangu nauweka mapema: wengi wenu hamtaihitaji, na fedha hiyo itawafaa zaidi kwenye RAM au kwenye skrini nzuri. Wachache wanaoihitaji wanaihitaji kwelikweli, na hao ndio nitakaokaa nao zaidi.

Nasoma usanifu majengo mwaka wa pili, Dar es Salaam. Nimeonyeshwa laptopu tatu za bei inayokaribiana: ThinkPad T480 yenye MX150, Latitude 5490 yenye MX130 na EliteBook 840 G5 yenye Radeon RX 540. Zote ni i5 ya kizazi cha nane na RAM ya GB 8. Natumia AutoCAD na SketchUp, na mwakani tunaanza Lumion, ile ya kutengeneza picha za majengo zinazofanana na halisi. Nichukue ipi?

Mdogo wangu, nianze na Lumion: hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayoimudu. Kadi zote tatu zina kumbukumbu ya GB 2, na Lumion inataka kadi kubwa, ya laptopu za gemu au za kazi nzito. Kwa Lumion tumia kompyuta za maabara ya chuo, au jipange kwa mashine ya daraja jingine kabisa. Usinunue MX150 ukidhani umeshafika nusu ya njia.

Kwenye AutoCAD ya michoro bapa, kasi inategemea prosesa kuliko grafiki, kwa hiyo hapo zote tatu ni sawa. Faida utaiona kwenye SketchUp. Washa vivuli, weka miti na fenicha, kisha zungusha modeli: chipu ya Intel UHD 620 iliyomo ndani ya prosesa itaanza kukwamakwama mahali ambapo MX150 bado inakwenda vizuri.

Sasa kadi zenyewe. MX130 na MX150 zote ni za kampuni ya NVIDIA. MX130 ni ya familia ya chipu iitwayo Maxwell, na kwa undani ni ile ile 940MX ya zamani iliyobadilishwa jina. MX150 ni ya Pascal, kizazi kilichofuata, na inaipita MX130 bila ubishi. RX 540 ya AMD iko karibu na MX150. Kwa hiyo Latitude naitoa kwanza, ingawa ina tundu la VGA ambalo bado lina kazi kwenye projekta za madarasa mengi. Kati ya mbili zinazobaki, EliteBook ni nyembamba na ina umbo la kupendeza zaidi, lakini T480 ina betri mbili: moja imefungwa ndani, nyingine unaichomoa kwa nyuma. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, unachomoa betri iliyoisha na kuchomeka iliyojaa bila kuzima mashine. Kwa mwanafunzi, hilo peke yake linanitosha. Chukua T480.

Lakini kuna masharti mawili. La kwanza ni skrini. T480 nyingi zilitoka kiwandani na skrini ya 1366 kwa 768, ambayo kwa michoro ni mateso. Tafuta yenye 1920 kwa 1080 ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazipotei ukiitazama kwa pembeni. La pili, MX150 zilitengenezwa za namna mbili chini ya jina moja: ya wati 25, ambayo kasi yake ya msingi ni 1468 MHz, na ya wati 10, ambayo ni 937 MHz. Stika haitakuambia ni ipi. Nenda dukani na programu ya bure iitwayo GPU-Z kwenye flashi, ifungue, usome kasi ya msingi mwenyewe. Halafu, kabla ya kitu kingine chochote, ongeza RAM ifike GB 16. T480 ina nafasi mbili za RAM, na kazi hiyo fundi yeyote anaimaliza ukiwa umesimama pale pale.

Mimi ni mhasibu, Nakuru. Excel, QuickBooks, Zoom na barua pepe. Kuna T470 ya bei nafuu na T480 ya bei juu kidogo yenye NVIDIA. Hiyo NVIDIA itanisaidia?

Hapana, dada. Hakuna hata moja kati ya hizo kazi itakayoigusa. Ila usiikimbilie T470. Hiyo ina prosesa ya kizazi cha saba, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Windows 10 ilikwisha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na wewe unashika hesabu za watu. Isitoshe, i5 ya kizazi cha saba ndani ya T470 ina viini viwili, wakati ile ya T480 ina vinne. Tafuta T480 isiyo na NVIDIA. Zipo nyingi, tena hazipati joto sana.

Napiga na kuhariri video za harusi, Mombasa. Nilinunua T480 yenye MX150 kwa ajili ya Premiere. Nikitoa video ya mwisho, naangalia Task Manager na NVIDIA inaonyesha asilimia 0 huku Intel ikihangaika. Nimeuziwa kadi mbovu?

Kaka, kadi yako huenda ni nzima kabisa. Swali lako ni zuri kwa sababu linafichua jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, na ni jambo ambalo wauzaji karibu hawalielezi.

Katika laptopu ya namna yako, skrini imeungwa kwenye chipu ya Intel, si kwenye NVIDIA. Programu nzito ikifunguka, NVIDIA inaamshwa, inachora picha kwenye kumbukumbu yake, kisha picha iliyokamilika inanakiliwa kwenda upande wa Intel, ambayo ndiyo inayoitoa kwenye kioo. Mpango huo unaitwa Optimus, na NVIDIA waliuleta mwaka 2010. Kabla ya hapo ilibidi mtu abadilishe mwenyewe: ThinkPad T400 ya mwaka 2008 ilikuwa na Intel na Radeon HD 3470, nawe ndiye uliyechagua ipi ifanye kazi. Kwa hiyo kuiona Intel ikifanya kazi muda wote ni hali ya kawaida.

Sasa kuhusu kutoa video. Kadi nyingi za NVIDIA zina sehemu maalumu ya kufinya video, inaitwa NVENC. MX150 haina. Ilikatwa kwenye chipu hiyo, na hakuna draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, itakayoirudisha. Ndiyo maana Premiere, ukiiambia itoe video ya H.264 (mfumo wa kufinya video) kwa kutumia maunzi, inaipa kazi Intel, ambayo ina sehemu yake iitwayo Quick Sync. Na Quick Sync ya UHD 620 inajitahidi sana. Inafungua hata HEVC (mfumo mpya zaidi wa kufinya video) ya biti 10 ambayo simu nyingi za sasa zinarekodi. Usiizime ukidhani unaipisha NVIDIA, maana utaishia kufinya video kwa prosesa peke yake, na hapo ndipo utakesha.

Kazi inayobaki kwa MX150 ni rangi na madoido, kupitia CUDA, njia ya NVIDIA ya kuifanya kadi ipige hesabu za programu. Na hapa pana mtego: zile grafu nne zinazotokea kwanza kwenye Task Manager hazionyeshi CUDA. Bonyeza jina la grafu mojawapo, orodha itashuka, chagua Cuda, kisha cheza kipande chenye marekebisho ya rangi. Ukiona mstari unapanda, kadi inafanya kazi yake. Usipopanda, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Display, halafu Graphics, iongeze Premiere na uipe High performance. Hakikisha pia ndani ya Premiere kwenyewe, kwenye mipangilio ya mradi, umechagua CUDA.

Kwa video za 1080p mashine yako itakuhudumia. Kwa 4K yenye tabaka nyingi, GB 2 zitajaa haraka. Ukiwa tayari kubadilisha, usinunue laptopu nyingine ya ofisi yenye kadi ndogo. Tafuta ThinkPad P52 au wenzake wa daraja hilo, na kabla ya kulipa uliza ina Quadro gani, yaani kadi ya NVIDIA ya kazi nzito. Hata ndani ya P52 zipo ndogo na kubwa.

Niko Bukavu, umeme wetu ni wa kubahatisha. Laptopu yangu yenye grafiki mbili inamaliza betri upesi kuliko ya rafiki yangu isiyo na kadi ya pili. Nimeizima NVIDIA kwenye Device Manager lakini hali ni mbaya zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu draiva ndiyo inayoilaza kadi. Ukiizima kwenye Device Manager umemwondoa anayeipa amri ya kulala, na kwenye mashine nyingi kadi inabaki ikinyonya umeme bila kazi. Iwashe tena, weka draiva kamili, kisha umtafute anayeiamsha. Fungua paneli ya NVIDIA, na kwenye menyu ya juu washa alama ndogo inayoonyesha shughuli za kadi. Itakaa kando ya saa, na ukiibonyeza inakutajia programu zinazoitumia wakati huo. Mara nyingi utakuta kivinjari, au programu ya gemu inayojiwasha yenyewe kila unapowasha kompyuta. Zirudishe kwenye Power saving kwenye ule ukurasa wa Graphics nilioutaja hapo juu. Kadi ikilala sawasawa, tofauti kati yako na rafiki yako itakuwa ndogo mno.

Kisha ipime betri yenyewe. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, utapata faili linaloonyesha betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani na leo inabeba kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, kadi haina kosa lolote.

Je, naweza kununua isiyo na kadi sasa, nikaongeza MX150 baadaye?

Hapana. Imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao mama, na hata kipoza joto cha mashine yenye kadi ni tofauti. Ungelazimika kubadilisha vyote viwili.

Natumia Linux, Kampala. NVIDIA au AMD?

AMD, na hapa sisiti. Draiva ya RX 540 imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux; ukitaka programu itumie kadi ya pili unatanguliza DRI_PRIME=1 mbele ya jina lake, basi. Kwa NVIDIA inawezekana pia, tangu draiva ya 435 ya mwaka 2019 ilipoleta namna ya kuiachia kadi programu moja moja. Lakini Maxwell na Pascal, yaani MX130 na MX150 zote, mwisho wao ni mfululizo wa draiva wa 580, na huko mbele utakuwa unapambana na kerneli mpya dhidi ya draiva ya zamani. Wa Windows nao wajue: kwa familia hizo NVIDIA wameahidi masasisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028.

Nipo Muscat. Kazini wanauza T14 Gen 2 zenye Iris Xe bila kadi ya pili. Ndugu yangu anasema ningoje yenye NVIDIA. Nawaza michoro myepesi na gemu za hapa na pale.

Usingoje. Iris Xe, grafiki iliyomo ndani ya prosesa za kizazi cha 11 cha Intel, imeiacha mbali sana UHD 620 na imewafikia wale wadogo wa NVIDIA wa mfululizo wa MX, tena bila feni kupiga kelele. Ila ina sharti moja: haina kumbukumbu yake, inatumia RAM ya mashine, na inataka RAM mbili zinazofanya kazi sambamba. T14 Gen 2 ina RAM moja iliyounganishwa kwenye ubao na nafasi moja wazi. Ikiwa nafasi hiyo haina kitu, Windows yenyewe itaiandika chipu kama UHD Graphics badala ya Iris Xe, na kasi inashuka. Jaza nafasi hiyo kwa RAM inayolingana na ile ya kwenye ubao.

Mwalimu, dukani nikague nini kabla sijalipa?

Device Manager, sehemu ya Display adapters: yaonekane majina mawili, na pasiwe na alama ya njano. Andika namba ya mashine iliyoko chini, uiingize kwenye tovuti ya Lenovo, Dell au HP. Itakuonyesha mashine ilitoka kiwandani na nini.

Kisha ipe mzigo. Fungua kitu kinachotumia kadi, acha dakika kumi, sikiliza feni na ushike karibu na tundu la hewa. Kadi na prosesa za mashine hizi zinatumia feni moja, na mafuta ya kupitisha joto yaliyokauka kwa miaka yanafanya zote mbili zijipunguzie kasi. Ikizidi joto, omba ifunguliwe, isafishwe na kupakwa upya. Hasa wewe wa pwani.

Kwa T480, chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya jingine, halafu jaribu HDMI. Tundu moja kati ya hayo ni la Thunderbolt, lenye kasi zaidi. Firmwea yake ya kwanza, yaani programu iliyomo ndani ya chipu, kwenye mashine za miaka hiyo ilikuwa na kasoro inayoweza kuua tundu hilo, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha. Ikiwa tundu bado linafanya kazi, weka sasisho hilo siku hiyo hiyo. Ikiwa limekufa, gharama yake inaweza kuwa ubao mama mzima.

Mwisho, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uone kama inadai nywila, kisha rudisha Windows upya ukiwa umeunganishwa na intaneti, pale pale dukani. Mashine iliyokuwa ya kampuni na haijaondolewa kwenye orodha yao itakuomba akaunti ya kazini ya kampuni hiyo, hata kama jana yake ilikuwa inafunguka vizuri kabisa.