Rebirth ni kali, shida ni nani angeinunua

Boss umeuliza inakuaje gemu ya Final Fantasy VII Rebirth isifiwe kila mahali halafu Square Enix, wenye waliitengeneza, waseme mauzo hayakufika pale walitarajia. Sifa zinatoka kwa wenye walicheza, na hao hawakuwa wengi vile, ilitoka Februari 2024 kwa PlayStation 5 pekee, wa PC wakangoja mpaka Januari 2025, na tena ni sehemu ya pili kati ya tatu, sasa mtu hajagusa Remake ya 2020, ile sehemu ya kwanza, anaanzia wapi manze?

Hata hapa Kisumu angalia tu, ukiingia pleistesheni Kondele vijana wanalipia mechi moja moja ya mpira, nani atakuachia skrini masaa yote hayo ukiwasha minara ya Chadley, yule kijana wa kwenye gemu anakupatia kazi za pembeni? (Hiyo minara mi ilinichosha kabisa, kila eneo kazi ni ileile.)

Lakini Queen's Blood, ule mchezo wa kadi ndani ya gemu, wacha tu! Unaweka kadi moja inakufungulia viboksi vya mbele, mwenzako anakuja anavinyakua, unarudi unamfungia njia ya katikati, kushtuka ni saa nane usiku na Sephiroth, yule adui mkubwa, hata hujamkumbuka.

Kununua? Kama PC yako ina nguvu na iko na nafasi ya gigabaiti 155, ngojea ofa uchukue, ila cheza Remake kwanza. Bei kamili mi singelipa.