Shangazi, mume wangu ataka kutangazwa muflisi nami naona haya

"Shangazi, salaam aleikum. Mume wangu ni nahodha wa boti ya wageni. Tangu tumuoze binti yetu mwaka jana, harusi ambayo mji mzima uliisifu, hali si hali. Benki inadai, Sacco inadai, mikopo ya simu inadai, hata mwenye duka la mchele. Yapata laki tisa. Sasa amekuwa kama mwenye wazimu: usiku kucha yuko barazani na daftari la shule, anaandika. Anasema ataenda mahakamani Malindi atangazwe muflisi. Mimi natoka nyumba ya watu wenye heshima. Je, watauza nyumba niliyorithi kwa mama, na dhahabu yangu? Atafungwa? Kaka yangu anashauri boti iandikwe jina langu kwanza. Au niende kwa Kadhi nidai talaka? Deni si langu mimi, nilitia sahihi karatasi moja tu ya Sacco."
— Mwenye Haya, Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole. Anayelala ubavuni mwa mdaiwa naye hukosa usingizi, hilo nalijua.

Pole yangu inaishia hapo. Barua yako imejaa haya zako, lakini harusi umeipitia upesi upesi, kama mtu apitaye mbele ya duka anakodaiwa. Hebu turudi hapo. Nahodha ndiye aliyetaka mpambaji atoke Mombasa? Yeye ndiye aliyesema kina mama washone sare ya hina, na nyingine ya kutoa bibi harusi, na biriani ipikwe ya kulisha mtaa na mtaa wa pili? Nimekaa kwenye harusi za Lamu miaka mingi, sijamwona mwanamume akigombana na mtu kwa ajili ya rangi ya mapazia. Wazee walisema kukopa harusi kulipa matanga. Mumeo ameachwa na matanga peke yake, na wewe umekaa pembeni unaona haya.

Ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo. Sherehe ni ya wawili, picha ni za simu ya mama, deni ni la baba. Zamani jirani alikuja na sufuria yake na kuni zake. Leo anakuja na simu akurekodi, na kesho yake anauliza mbona nyama ilikuwa kidogo.

Basi tuje kwenye maswali yako. Hilo daftari unaloliita wazimu ndilo jambo la akili kuliko yote barua nzima. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, mtu akiomba mwenyewe kutangazwa muflisi lazima apeleke taarifa ya mali yake yote na madeni yake yote. Mumeo ameshaanza.

Hafungwi. Kufilisika si kosa la jinai. Akishatangazwa, wadai hawawezi tena kumwandama mmoja mmoja; mali yake inashikwa na msimamizi, anaigawa kwa utaratibu. Vyombo vya nyumbani na zana za kazi anaweza kuachiwa kwa kiasi, lakini kama injini ya boti iliwekwa rehani benki, benki ina haki yake juu ya injini. Tangazo litatoka gazetini, ndiyo, na watu watasoma. Kusafiri nje ya Kenya itabidi aombe ruhusa, na ubunge au udiwani asahau kwa muda huo. Kwa kawaida anaachiliwa baada ya miaka 3 tangu apeleke ile taarifa, kama hakuna aliyepinga. Ipo njia nyepesi ya wasio na mali kabisa, ila ni kwa madeni yasiyozidi 400,000, na nyinyi mna laki tisa na boti. Kabla ya yote angejaribu kuwaita wadai wakubaliane malipo kidogo kidogo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu. Na Qur'ani, katika Al-Baqarah, imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Hakuna haya katika hilo.

Nyumba ya mama yako ni yako. Mahari yako ni yako. Lakini bangili alizopewa binti kwa pesa za mkopo ni jambo jingine, maana zawadi za karibuni zinaweza kuchunguzwa na kurudishwa.

Sasa hiyo "karatasi moja tu". Mwanangu, hiyo ni karatasi ya udhamini. Mumeo akiachiliwa deni lake, mdhamini haachiliwi. Sacco itakugeukia wewe na wenzako mliotia sahihi, na talaka ya Kadhi haifuti sahihi. Kadhi anasikiliza ndoa, talaka na mirathi. Ufilisi uko Mahakama Kuu. Nenda Sacco uombe nakala, usome umedhamini kiasi gani, kisha kaa barazani na mumeo muandike na hilo daftarini.

Kuhusu boti kuandikwa jina lako: usithubutu. Msimamizi ataifuata na kuirudisha, na mumeo ambaye sasa hana kosa atakuwa nalo. Kumficha mdai mali ni udanganyifu, na deni la udanganyifu halifutiki hata muflisi akiachiliwa.

Halafu nyuma ya karatasi, kwa kalamu nyingine, umeongeza kwamba kaka yako huyo mshauri alikopa elfu sitini kwa mumeo na hajarudisha. Pesa anazodai mumeo nazo ni mali yake, na lazima ziandikwe kwenye taarifa. Mwambie kaka yako jina lake linaingia ukurasa wa kwanza, na msimamizi atamtafuta.