Si kila tumbo la mwaloni ni la Flagyl

Watu wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka visiwa vya Kome na Ukerewe, wana dawa mbili za tumbo. Tumbo likikata, Flagyl. Mtoto akikonda na kutoa kitambi, albendazoli, ile ya minyoo. Zisipofanya kazi, dozi inarudiwa, na safari hii inanunuliwa duka jingine. Nimefanya kazi ya maabara kwenye zahanati ya huku kwa miaka mingi, dirisha langu linatazama mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na ugomvi wangu na dawa hizo ni mmoja tu: tumbo linalowatesa wengi ufukweni hapa halisikii hata moja kati yake. Ni kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo unaoupata ukiingia kwenye maji ya ziwa.

Ukikitaja, mvuvi anakataa katakata. "Mimi sikojoi damu, dokta." (Huku kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, nimeshaacha kubisha.) Na ni kweli, hakojoi damu. Kichocho cha kukojoa damu tunakipata zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, upande wa Kwimba, Misungwi na Shinyanga, kwa sababu konokono wanaokibeba wanapenda maji ya aina hiyo. Konokono wa ziwani ni wengine, na minyoo yao inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yanatoka na choo kikubwa. Mkojo unaweza kuwa safi kabisa huku tumbo limejaa.

Dalili zake hazipigi kelele. Tumbo linauma, linaacha, linauma tena. Choo wiki hii chepesi, wiki ijayo kawaida. Siku nyingine kina ute au michirizi ya damu, na mtu anajiambia ni pilipili. Kijana wa kuvuta nyavu anaanza kuomba kupumzika kabla ya wenzake. Mtoto hakui sawa na wa rika lake, darasani anasinzia. Na wengine, tena wengi, hawahisi chochote kwa miaka. Kinacholeta madhara zaidi si mnyoo wenyewe, ni mayai. Karibu nusu hayatoki mwilini: yanabaki kwenye ukuta wa utumbo, mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama, na ini linaota makovu. Baada ya miaka bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya njia ya chakula ikipasuka mtu anatapika damu. Hapo ndipo familia inaanza kutafuta nani kamroga. Dawa ya kichocho inaua minyoo, lakini kovu lililokomaa halifutiki kwa vidonge, na ndiyo maana nasisitiza watu wapime wakiwa bado wanatembea vizuri.

Mgeni aliyekuja kuoga ziwani mara ya kwanza anaweza kuugua tofauti. Wiki chache baadaye anapata homa, kikohozi, vipele vya kuwasha. Anapimwa malaria, haipo. Anapimwa tena. Kama ndugu yako wa Dodoma alikuja likizo na sasa yuko kwenye hali hiyo, mpigie simu umwambie amtajie daktari kwamba aliingia ziwani. Hakuna atakayewaza hilo asipoambiwa.

Sasa kipimo. Leta choo cha asubuhi hiyo hiyo, kiasi cha ncha ya kidole gumba, ndani ya kopo kavu tunalokupa, bila kukichanganya na mkojo. Usijaze kopo. Wapo wanaoleta limejaa mpaka mfuniko haufungi, wakiamini kingi ndiyo majibu mazuri. Watoto wa shule huleta kwenye kiberiti. Tunakipokea, ila karatasi inanyonya unyevu na choo kinafika kimekauka. Tunakikamua kwenye kichujio, tunakijaza kwenye kitundu cha kibao kinachobeba miligramu 41.7, tunakifunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, halafu tunahesabu mayai kwa darubini. Idadi ukiizidisha kwa 24 unapata mayai katika gramu moja ya choo. Yai la kichocho cha tumbo halina mpinzani: refu, rangi ya njano ya kahawia, lina mwiba ubavuni. La kichocho cha mkojo, mwiba uko nchani. Mayai ya safura, mnyoo anayenyonya damu, yana ganda jembamba, na kwenye slaidi hiyo yanafutika. Slaidi ikikaa saa nzima hayaonekani tena. Ukiniona nimeacha chai inapoa nakimbilia kopo lako, sababu ni hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo watu hawaambiwi wanapopewa majibu. La kwanza, mayai hayatoki sawasawa kila siku. "Hakuna kitu kilichoonekana" kwa sampuli moja si sawa na kusema huna. Kama dalili zipo na ziwa unaingia, omba kupima tena siku nyingine, na tena. Kipo pia kipimo cha mkojo, kikaseti kinachofanana na cha malaria, kinachokamata chembechembe za minyoo ya kichocho cha tumbo. Pale kilipo, ni msaada mkubwa. La pili, minyoo inahitaji wiki kadhaa kukua kabla haijaanza kutaga. Aliyeogelea Jumapili akaja kupima Jumatano anapoteza hela. Aje baada ya miezi miwili.

Nitasema na hili ambalo wenzangu wa maabara hawatalipenda: jibu la "amiba", kijidudu cha tumboni, linatolewa kirahisi mno. Chembe nyeupe za damu kwenye choo, kwa jicho lililochoka, zinafanana na amiba. Na hata amiba ikionekana kweli, mara nyingi ni ile isiyodhuru. Flagyl ni dawa nzuri kwa amiba inayoleta kuhara damu na kwa giadia, kijidudu kingine kinacholeta choo chenye mafuta, gesi na harufu kali. Lakini anayeimeza kila mwezi na tumbo lake liko pale pale, anapaswa kuuliza kitu kingine.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Vidonge vyake vingi ni vya miligramu 600, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anameza vinne kwa mara moja. Watu huona vinne ni vingi, wanameza viwili na kumwachia jirani viwili, kisha wote wawili wanabaki na minyoo. Shuleni, mahali pa mizani wanatumia fimbo yenye mistari, inayoanzia urefu wa sentimita 94, na mtoto anapewa vidonge kulingana na mstari anaofika.

Nimezimeza mwenyewe, kwa hiyo nazijua. Kidonge ni kikubwa, na ukikitafuna utajuta kwa uchungu wake. Kivunje kwenye alama, ukimeze na maji mengi. Kula kwanza, na sisemi chai ya rangi na andazi, nasema ugali na samaki ushibe. Saa chache baadaye tumbo linaweza kusokota, kichefuchefu kikaja, kichwa kikazunguka. Mwenye minyoo mingi ndiye huhisi zaidi, na kwa kawaida siku ya pili kimeisha. Siku hiyo usiendeshe bodaboda wala usiingie kwenye mtumbwi. Maneno ya mtaani kwamba dawa za shuleni zinadhuru watoto mara nyingi yanaanzia kwa mtoto aliyemeza bila kula asubuhi, akatapika mbele ya wenzake.

Jambo ambalo hata wauza dawa wengi hawalisemi ni kwamba prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa tu. Ile iliyoingia wiki mbili zilizopita inanusurika. Kwa mtu aliyeko majini kila siku, napenda ameze dozi tena baada ya wiki nne hadi nane. Mama mjamzito, Shirika la Afya Duniani linaruhusu atibiwe baada ya miezi mitatu ya mwanzo, ila kliniki ndiyo iamue. Na mtu mwenye kifafa au anayepata degedege ukubwani aseme kabla ya kumeza, hasa kama tegu la nguruwe, mnyoo bapa mrefu, lipo kijijini kwao, maana dawa hii inaweza kuamsha shida kama lava wake (watoto wa mnyoo huyo) wako kwenye ubongo.

Minyoo mingine ipo pia, sikatai. Mikubwa ya mviringo mtoto anaitoa kwa choo au kuitapika, na albendazoli ya miligramu 400 mara moja huimaliza vizuri. Wa mwaka 1 ambaye hajafika miaka 2 anapewa nusu yake. Ile midogo myeupe inayowasha haja kubwa usiku inatibiwa nyumba nzima kwa pamoja, na dozi inarudiwa baada ya wiki mbili, la sivyo inazunguka kitandani kwenu mpaka mchoke. Minyoo ya mjeledi ni mikaidi, dozi moja haitoshi, hutolewa siku tatu. Tegu utaliona lenyewe, vipande bapa vyeupe kwenye choo au kwenye nguo ya ndani, na wapenda mishikaki ya haraka wanalijua.

Safura nimuongelee zaidi, kwa sababu anaua nguvu za kina mama. Anapenya kwenye ngozi ya mguu mtupu, anapita mapafuni, anafika utumbo na kunyonya damu. Alikuja mama mmoja mchoma samaki, mjamzito, akilalamika moyo unaenda mbio akipanda mlima kwenda kwake.

"Fungua kiganja, mama."

Juu kilikuwa na masizi ya kazi yake. Nikampa sabuni anawe. Kilichobaki chini kilikuwa cheupe kama ugali wa sembe. Nilipomuuliza kama anakula udongo, alicheka akaficha mdomo. "Kidogo tu, dokta, ule wa sokoni." Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Choo chake kilikuwa na mayai ya safura. Dawa ya minyoo alipewa na kliniki kwa kuwa mimba ilishavuka miezi mitatu, lakini kilichomrudisha kwenye hali yake ni vidonge vya madini chuma alivyomeza kwa miezi. Minyoo ikifa damu hairudi yenyewe kesho yake, na watu wengi huacha vidonge vya chuma wiki ya kwanza kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Kuwa cheusi ni kawaida yake.

Mbegu za maboga na za papai kuleni tu, sina neno. Msizitumie kuahirisha kipimo.

Hospitali unakimbilia bila kupitia duka la dawa kukiwa na kutapika damu, choo cheusi kama lami kwa mtu asiyemeza chuma, tumbo linalojaa maji, au mtoto aliyevimba tumbo, anatapika na hapati choo wala hatoi upepo; huyo minyoo inaweza kuwa imeziba utumbo.

Kukwepa maji huku ni ndoto, kwa hiyo nawaambia watu wakwepe saa. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwenye konokono jua likiwa kali, zaidi kuelekea mchana, na konokono wako kwenye magugu ya ukingoni. Kufua na kuogesha watoto saa 7 mchana kwenye magugu ni kuvikaribisha. Maji ya kuoga ukiyachota na kuyaacha siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, bila konokono ndani, vitakuwa vimekufa. Ya kunywa bado uchemshe. Choo ni kazi ngumu zaidi, maana kwenye miamba yetu shimo halichimbiki, na mvuvi aliyelala majini usiku kucha anajisaidia huko huko.

Kama wewe ni tajiri wa mitumbwi, au mhudumu wa afya unayepanga siku ya kupima kambini, usipange usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa wako ziwani na karabai zao, asubuhi wamelala. Panga kipindi cha mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu wanashona nyavu na kucheza karata. Wapime na kuwamezesha dawa wote siku moja, baada ya chakula ambacho ni vizuri ukitoe wewe, na tarehe ya dozi ya pili iwe mbalamwezi inayofuata.